Hofu Hupitia Masikioni

Ukitaka kujua filamu ya kutisha hukutisha kwa kitu gani, zima sauti. Chagua tukio lililokufanya ukunje miguu juu ya kiti, ulitazame upya likiwa kimya kabisa. Mtu anatembea kwenye korido, mlango unafunguka, sura yenye barakoa inajitokeza pembeni. Utaona jinsi mwanga ulivyopangwa, na huenda ukagundua kuwa barakoa yenyewe ni ya kawaida tu. Moyo hautakwenda mbio. Nimefanya hivi kwa filamu ninazozipenda sana, zile ambazo mpaka leo huniondolea usingizi, na picha ikiachwa peke yake hubaki kazi safi ya mafundi. Hainiingii mwilini.

Mwongozaji John Carpenter aliligundua hilo akiwa kazini. Mwaka 1978, alipokuwa akikamilisha Halloween, alimwonyesha ofisa mmoja wa studio kubwa nakala ambayo ilikuwa bado haijatiwa muziki wala sauti za kuongezea. Ofisa yule hakutishika hata kidogo. Carpenter akakusudia kuiokoa filamu yake kwa muziki, na muziki akautunga mwenyewe: kinanda kinachorudia noti chache kwa haraka, kwa mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea. Mapigo hayo alifundishwa utotoni na baba yake, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Sikio hutarajia mzunguko ufungike kwenye pigo la nne. Haufungiki, unasogea mbele kidogo, ndipo unaanza tena. Msikilizaji hawezi kueleza kilichomkosesha raha, ila anahisi kuna kitu hakikukaa sawa, na kitu hicho hakikomi.

Jicho lina kope, na kichwa kina shingo: ukichoka kuona unafumba au unageuka. Sikio halina mlango. Ndiyo maana huwaonea huruma wanaojiziba macho ukumbini. Wamejinyima picha, ambayo ingewaambia kuwa zimwi lile ni mpira na rangi, wakabaki na sauti, ambayo ndiyo silaha yenyewe. Anayetaka kweli kujikinga azibe masikio.

Daniel Blumstein, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ametumia miaka mingi kuchunguza mamoti, wanyama wadogo wa milimani wa jamii ya kindi. Watoto wa mamoti wanaponaswa wakati mwingine hupiga ukelele, na ukelele huo ulimgusa kuliko alivyotegemea. Akajiuliza kama watu wa filamu nao wanautumia ufundi huo, hata bila kujua biolojia yake. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa sauti za filamu zaidi ya 100, na filamu za kutisha zikaonekana kujaa sauti zilizopasuka, zile zinazotoka pale koo au ala inapolazimishwa kupita uwezo wake. Miaka mitano baadaye watafiti wa ubongo Luc Arnal, David Poeppel na wenzao wakaupima ukelele wa binadamu. Tunapozungumza kwa utulivu, nguvu ya sauti yetu hupanda na kushuka mara nne au tano hivi kwa sekunde. Katika ukelele wa hofu hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Kasi hiyo huipa sauti mkwaruzo, na kadiri mkwaruzo unavyozidi ndivyo amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu, inavyozidi kuamka. Ving'ora vya tahadhari navyo vina mkwaruzo huohuo.

Hapo ndipo nilipozielewa vizuri zaidi fidla za Bernard Herrmann katika Psycho ya mwaka 1960. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, mwanzoni alitaka tukio la bafuni, ambapo mwanamke anauawa akioga, lipite bila muziki. Herrmann akatunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi tupu, fidla zikikwaruzwa kwa mapigo mafupi kwenye noti za juu kabisa, na Hitchcock alipoisikia kazi hiyo akabadili mawazo. Fidla zile hazimsindikizi mwanamke anayepiga ukelele. Zinapiga ukelele zenyewe, na ubongo wa mtazamaji hauna muda wa kupambanua koo na uzi.

Wapo walioshuka upande wa pili, kwenye sauti nzito mno. Gaspar Noé, katika Irréversible ya mwaka 2002, alitandaza chini ya sehemu ya filamu mvumo wa chini ya mizunguko 30 kwa sekunde, karibu na mpaka wa usikivu wa binadamu, ili mtazamaji asisikie raha bila kujua sababu. Mbinu hii naiheshimu lakini siipendi. Kumtia mtu kichefuchefu si kumtisha. Hofu ninayoitafuta mimi inahitaji akili ya mtazamaji ishirikishwe, ifanye kazi, ifike mahali isipotaka kufika.

Na njia bora ya kuishirikisha ni kuinyima. Mwaka 1942 mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walitengeneza Cat People kwa bajeti ndogo, kiasi kwamba hata kama wangetaka mnyama wa kutisha wasingeweza kumlipia. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta, nyuma yake nyayo za mwanamke mwingine. Tunasikia viatu vya wote wawili, kisha vya mmoja tu. Yule wa nyuma amekwenda wapi? Kimya. Mwanamke anaharakisha, anageuka, hakuna kitu, na ghafla skrini inapasuliwa na mngurumo mkali unaofanana na wa mnyama. Ni basi limefunga breki. Watu wa timu ile waliendelea kuuita kila mshtuko wa namna hiyo "basi", na wanaosoma filamu wanalitumia jina hilo mpaka sasa.

Basi lile limezaa maelfu ya wajukuu. Paka anaruka kutoka kabatini, rafiki anamshika mtu bega, njiwa wanaruka kwa kishindo. Mwili hauwezi kujizuia: sauti kubwa ya ghafla hutufumbisha macho na kukaza shingo kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijapita, mapema kuliko fikra yoyote. Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, ameeleza kwa miaka mingi kuwa taarifa za hatari hupita njia mbili, moja fupi isiyo na uangalifu na nyingine ndefu inayopitia kwenye sehemu zinazochambua. Ile fupi hufika kwanza. Mtazamaji ameshatetemeka ndipo anapoambiwa kuwa ni basi.

Lakini waigaji wengi walichukua breki wakaacha nyayo. Tukio la mwaka 1942 linatisha kwa sababu ya ile sekunde ambayo viatu vya pili vinanyamaza. Basi linapokuja, linatupumzisha. Ni mahali pa kutolea pumzi iliyokusanyika. Filamu inayopiga kishindo kila baada ya dakika tano bila kujenga chochote katikati inafanya kazi ambayo mlango uliobamizwa na upepo ungeifanya bure. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nimeona hadithi nzuri, waigizaji wazuri na nyumba zilizopigwa picha kwa mapenzi zikiharibiwa na mhariri asiyeamini ukimya.

Hitchcock alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanaongea mambo ya kawaida, bomu linalipuka: watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache. Waonyeshe bomu kwanza, waonyeshe na saa ukutani, kisha waache wale watu waendelee na maongezi yaleyale yasiyo na maana. Sasa watazamaji wana dakika nzima za kuteseka, na kila neno la kipuuzi mezani linawaumiza kwa sababu wanajua wasichokijua walioketi. Kilichobadilika ni kiasi cha taarifa mkononi mwa mtazamaji.

Mfano ninaourudia kuliko yote ni Jaws ya mwaka 1975. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, na Steven Spielberg akalazimika kupiga picha za bahari isiyo na papa. Zaidi ya saa moja inapita kabla hatujamwona sawasawa. Badala yake tuna uso wa maji, miguu inayochezacheza ikionekana kutoka chini, mapipa ya manjano yanayovutwa na kitu tusichokiona, na noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams. Angalia zinavyotumika. Wavulana wawili wanapowatania waogaji kwa pezi la bandia, noti zile hazipigwi. Muziki hausemi uongo. Umetufundisha kuwa ukisikika, yupo, na usiposikika, tuko salama. Aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na filamu hii kwanza inatutafuna ili baadaye itutishe kwa ung'ongo mtupu. Kisha, tukishaamini kabisa, papa anachomoza nyuma ya mkuu wa polisi anayemwaga chambo baharini, bila noti hata moja. Mkataba umevunjwa. Kuanzia hapo ukimya nao haumlindi mtu tena.

Ufundi huohuo hufanyika kwa fremu. Mwongozaji anamweka mhusika upande mmoja wa picha na kuuacha upande wa pili mtupu: mlango ulio wazi, dirisha jeusi, ngazi zinazopotelea juu. Macho yetu huhama yenyewe kutoka kwa mtu kwenda kwenye utupu, na tunaanza kuukagua. Huenda pasitokee chochote. Haidhuru, kwa sababu tayari tumeshakijaza kile kiza kwa kitu tunachokiogopa sisi, na hakuna fundi wa vipodozi anayeweza kushindana nacho.

Ndiyo maana naamini trela nzuri, yaani kile kipande kifupi cha kuitangaza filamu, inaweza kutisha kuliko filamu yenyewe. Filamu ina deni la kujibu. Mwisho wake lazima tujue nani yuko darini, anataka nini, anauawaje. Na mara nyingi jibu ni dogo kuliko swali. Trela haina deni hilo. Ina dakika mbili na nusu hivi za kuuliza, kisha inaondoka.

Trela ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, ni picha moja tu isiyokatwa. Milango ya lifti imefungwa. Majina yanapanda taratibu kwenye skrini huku muziki ukizidi kubana. Halafu damu inaanza kutoka pembeni mwa milango, inakuwa wimbi, inabeba viti, inaifikia kamera na kuifunika. Hakuna mhusika anayekimbia wala neno linalosemwa. Hatuoni hadithi yoyote. Kamera haiondoki, na katika filamu kamera inayokataa kuondoka ni jambo la kuogofya, kwa sababu tumezoea kuokolewa na mkato unaofuata. Naiona kuwa trela bora kuliko zote za aina hii, na sioni dalili ya kubadili msimamo.

Ya Psycho ilikwenda njia nyingine kabisa. Kwa zaidi ya dakika sita Hitchcock mwenyewe anatutembeza kwenye nyumba na moteli kwa upole wa mwenyeji anayewapokea wageni, anaonyesha ngazi, anakatiza sentensi kila anapokaribia kusema lililotokea, anaingia bafuni, anavuta pazia, na mwanamke anapiga ukelele. Ya Alien, mwaka 1979, haina mazungumzo: yai linalopasuka, picha za kasi za watu wanaokimbia, sauti inayolia kama king'ora, na mwishoni maandishi yanayotukumbusha kuwa angani hakuna atakayekusikia ukipiga kelele. Kwa watu ambao muda wote walikuwa wakisumbuliwa na sauti, kuambiwa kuwa sauti yao wenyewe haitafika popote ni pigo lililolengwa vizuri.

Trela za siku hizi zimekuwa na mwendo unaotabirika. Familia inahamia nyumba mpya na muziki ni mtamu. Mtoto anaongea na mtu asiyeonekana. Wimbo wa zamani unaojulikana unaingia, umepunguzwa kasi, umeimbwa na sauti moja nyembamba. Picha zinaanza kukatwa haraka, kila mkato ukiangukia pigo la besi, kasi inapanda mpaka inakuwa mvurugo, kisha kimya na giza. Jina la filamu linatokea. Unadhani imeisha, unalegeza mabega, na hapo ndipo mkono unapotoka. Mbinu ya wimbo ule ninaiona bado ina nguvu, hata baada ya kutumiwa kupita kiasi, kwa kuwa wimbo tunaoujua ni mahali petu, na kuukuta umeharibiwa ni kuukuta mlango wa nyumbani uko wazi. Ile ya mkono baada ya jina imechakaa. Mtazamaji wa leo anaingojea, na anayeingojea ameshajikinga.

Wauzaji wa filamu waligundua zamani kwamba hofu inaambukiza, na kwamba hofu ya mtu mwingine huweza kuuzwa badala ya zimwi. Mwaka 1958 William Castle aliwapa watazamaji wa Macabre hati ya bima ya maisha ya dola 1,000 kutoka Lloyd's ya London, endapo mtu angekufa kwa hofu ukumbini. Mtu anayeketi akiwa ameshika hati ya bima ameshaanza kuogopa taa zikiwa bado zinawaka. Mwaka 1999 watengenezaji wa The Blair Witch Project walisambaza matangazo ya kutafuta vijana waliopotea, wakatumia majina halisi ya waigizaji, wakajenga tovuti iliyoeleza kisa kizima kana kwamba kilitokea, na filamu iliyopigwa kwa makumi ya maelfu ya dola ikaingiza karibu dola milioni 250. Miaka 10 baadaye trela ya Paranormal Activity, filamu iliyogharimu takriban dola 15,000, iligeuza kamera ikawaelekea watazamaji. Tuliwaona kwa mwanga wa kijani wa kamera za usiku wakiruka vitini, wakikumbatiana, wakijificha nyuma ya mikono, huku filamu yenyewe tukiionjeshwa kidogo tu. Uso wa mwenzio aliyeogopa ni ushahidi ambao mwili haujui kuupinga.

Kuna jambo moja kuhusu trela linalonisumbua. Anayenunua tiketi ya filamu ya kutisha ameamua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark waliwafungia vifaa vya kupima mapigo ya moyo watu waliokuwa wakipita kwenye nyumba ya maonyesho ya kutisha, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020 walionyesha kuwa raha hukaa katikati: hofu kidogo mno inachosha, nyingi mno inaumiza, na baina yake kuna mahali ambapo watu hufurahia kutetemeka. Mtu aliyechagua anaweza kujisogeza kuelekea mahali hapo. Anamshika mwenzake mkono, anacheka, anatazama pembeni, anajikumbusha kuwa ni uigizaji, au anatoka.

Trela haimwombi mtu ruhusa. Mwezi Aprili 2018, katika ukumbi mmoja mjini Perth, Australia, trela ya Hereditary ilirushwa kimakosa kabla ya filamu ya watoto ya Peter Rabbit. Wazazi waliwaziba watoto macho na masikio, wengine wakakimbia nao nje. Lilikuwa kosa la ukumbi mmoja kwa siku moja, lakini leo simu na televisheni hurusha vipande kama hivyo vyenyewe, bila kuulizwa, mbele ya yeyote aliyeketi karibu, na vimekatwa kwa makusudi ili sekunde tatu za kwanza zimzuie asipite. Mtoto wa miaka mitano hana ile njia ndefu ya kujiambia kuwa ni mpira na rangi. Wanaovitengeneza wanafahamu vizuri kabisa nguvu ya mkwaruzo ule, na ningetaka wakubali kubanwa: trela ya filamu ya watu wazima isijirushe yenyewe, na sauti yake isifunguke mpaka mtu aifungue.

Maana hofu ikishaingia haibaki ukumbini. Hushika vitu vya kila siku, bafu, kitanda, darini, maji. Janet Leigh, aliyeigiza tukio la bafuni katika Psycho na kujua kila ujanja uliotumika, alisimulia kwamba baada ya kuiona filamu aliacha kuoga kwenye manyunyu ya bafu. Na baada ya Jaws watu walianza kumwona papa kwa macho ya filamu: mnyama mwenye kinyongo anayewinda mtu kwa makusudi, jambo ambalo papa halifanyi. Kuwaua kwa mchezo kukawa ushujaa. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu ile, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 2006, akitetea uhifadhi wa papa na bahari, na alisema wazi kwamba kwa yale aliyokuja kuyajua asingeweza kuiandika tena hadithi ile. Mwaka 2022 Spielberg naye aliiambia BBC kuwa anajutia kwa dhati kupungua kwa papa kulikotokana na kitabu na filamu. Noti mbili, na bahari isiyoonyesha kitu, zilitosha.